Jennifer Natabo Lowoi, Sauti ya Maziwa ya Bulla Pesa (1953–2025)

Ndugu na majirani, huyu tuliyemleta hapa Burat leo ni Natabo, mke wa Lowoi. Alizaliwa Gotu mwaka wa 1953, wakati wa mvua. Tarehe hakuna aliyeishika. Mto ulikuwa umejaa, mkunga akabaki ng'ambo, na mtoto akaja bila kumngoja mtu. Baba yake, mzee Esekon, alisema alimsikia akilia yeye akiwa kwa zizi la ngamia, na zizi lilikuwa mbali.

Shuleni hakuingia. Mbuzi walikuwa wengi na yeye ndiye alikuwa mkubwa. Mwaka wa 1984 alijaribu masomo ya watu wazima kule Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo. Mwalimu akiuliza mmoja, Natabo anajibia darasa lote. Alijifunza kuandika "Natabo", akasema hiyo inatosha.

Alioana na Lowoi mwaka wa 1972. Mahari ilitoka, ng'ombe akachinjwa, Natabo akavishwa shanga za mke. Mwaka wa 1990 wakabarikiwa kanisani Isiolo, na hapo ndipo akapata jina la Jennifer. Shanga hakuzitoa. Kwetu Waturkana, mke anashusha shanga siku mume amekufa. Lowoi alikuwa hai, tena anakula vizuri.

Kazi yake ilikuwa maziwa. Aliamka Burat, akakamua, akashika njia ya Bulla Pesa na mtungi. "Ngakile! Maziwa!" Rafiki yake Nurto, aliyekaa huko, alikuwa akisema kwake hakuna haja ya saa: Natabo akipita, uji uwe tayari umechemka. Kwa sauti hiyo alisomesha watoto. Kwa sauti hiyo aliimba kanisani, na wengine wakapata nafasi ya kupumzika.

Halafu shingo ikaanza kuvimba. Natabo akaongeza shanga. Ikavimba tena, akaongeza tena.

Nurto akamwangalia siku moja. "Natabo, shanga zimepanda ama shingo imeshuka?"

"Nimenenepa."

"Shingo peke yake?"

Ilikuwa goita. Daktari wa Isiolo alimwambia itolewe. Natabo akakataa miaka mingi, kwa sababu alisikia mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na ukiguswa sauti inaweza kwenda. Mwaka wa 2016 alipoanza kukosa pumzi akilala, Lowoi alimpeleka Nairobi, hospitali kubwa ile ya kufundishia madaktari.

Daktari Marete, mpasuaji, hakumficha. "Mama, nitaenda polepole. Lakini siwezi kukuahidi sauti."

"Sasa mbuzi nitawaita na nini, filimbi?"

"Ukikataa, hiyo goita itafunga njia ya hewa."

Natabo akavuta pumzi, ikapita kwa shida. Kisha akasema, "Basi enda polepole kweli."

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi Asli akaja. "Mama, hizi shanga zote zinatoka. Daktari atapitia wapi?"

"Hazitoki. Nikizitoa nimemzika huyu mzee, na ameketi hapo anakunywa chai."

Asli akamsihi. Akaeleza. Natabo akashika shingo kwa mikono miwili. Chumba cha upasuaji kikawa kinangoja.

Lowoi akaweka kikombe chini. "Leta nizivae mimi. Zikiwa kwangu hazijashuka. Na kila mtu ataona niko hai."

Natabo akamwangalia, akacheka mpaka akakohoa. Akazitoa mwenyewe, kamba moja moja, akamvisha. Lowoi akangoja kwa benchi la nje na shanga hadi kidevuni.

Mzee mmoja wa Marsabit, Chachu, akamuuliza, "Wewe, umeolewa lini?"

"Leo asubuhi."

Natabo alipoamka sauti ilikuwa kama ya kifaranga. Akamwita Lowoi kwa kidole, akamvua shanga zake. Zilingoja kwenye mfuko mpaka kidonda kikauke.

Daktari Marete alikuwa na utafiti: jinsi sauti inavyorudi baada ya kupasuliwa shingo. Akamwomba Natabo aingie, akamwambia anaweza kukataa, na bado atatibiwa vile vile.

"Na nikikubali?"

"Wenye watakuja nyuma yako watajua zaidi."

"Nimekubali. Na chai iwe na maziwa."

Kila akirudi kliniki aliwekwa mbele ya mashine asome karatasi kwa sauti. Kusoma hajui. Akaambiwa aseme tu kitu anachokijua. Akaita mbuzi wake, kila mmoja kwa jina. Mara ya kwanza mashine ilisikia upepo tu. Mara ya tatu, watu wa vyumba vingine walifungua milango kuona mbuzi wanaingilia wapi. Siku hiyo Daktari Marete alipiga makofi. Wiki hiyo hiyo, Bulla Pesa ikasikia "Ngakile!"

Hospitali ikamwomba arekodi maneno kwa Kiturkana na Kiswahili, ya wagonjwa wanaongoja kupasuliwa. Bado yanachezwa pale. Anawaambia: usile, usiogope usingizi, maji utakunywa kidogo kidogo, na shanga mpe mtu wako avae. Sasa wanaume wa kaskazini wanaketi kwa lile benchi na shanga shingoni. Hakuna anayecheka. Wanacheka kidogo.

Mwaka huu mapafu yakamchosha. Alilazwa Isiolo mwezi wa saba. Siku ya mwisho alizitoa shanga bila kuambiwa, akamwekea Lowoi mkononi. "Shika. Wewe unajua kungoja." Nurto, aliyekuwa kando ya kitanda, akamwambia aache maneno. "Nimeshaacha," akasema, akatabasamu. Alitutoka Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025.

Amemwacha mumewe Lowoi, watoto wake Akidor na Ewesit, wajukuu, vitukuu wawili, Nurto, na mbuzi ambao tangu Jumamosi wanaangalia njia.

Mkimwona mzee Lowoi leo na shanga za mwanamke, msimuulize ameolewa lini. Natabo ameingia ndani, na yeye ameketi kwa benchi.

Lala na amani, Natabo. Shingo sasa ni nyepesi.