Fundi Chien Huo-tu Amestaafu kwa Mara ya Tatu, na Safari Hii Msimwite

Baada ya miaka arobaini na minne ya kupanda ngazi za watu, Fundi Chien Huo-tu alistaafu tarehe 4 Agosti, siku ya kwanza ya mwezi wa saba wa kalenda yetu ya zamani. Karamu ya kumuaga ni Jumamosi hii, Septemba 7, saa sita mchana, uani mwa hekalu. Mtaona katikati hapo pana mwezi mzima na siku za nyongeza. Kamati ya mtaa ilifanya makusudi. Karamu mbili za kumuaga tumeshazila, na mara zote mbili kesho yake alikuwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Safari hii tukasema kwanza tumwone amestaafu, ndipo tuchinje kuku.

Nimeombwa kuandika mimi kwa sababu nilimshikia ngazi miaka thelathini na mmoja. Mtu uliyemtazama kutoka chini muda wote huo unamjua vizuri, hasa suruali zake na mahali zilipochanikia. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo anayetaka ufasaha asome matangazo ya mazishi ukurasa wa nyuma.

Fundi Chien alizaliwa mwaka 1953 mlimani hapa juu ya bandari. Mtabiri alimwambia baba yake kwamba mtoto amepungukiwa moto na udongo, ikabidi vyote viwili vitiwe kwenye jina, Huo ni moto na tu ni udongo. Maji hakupungukiwa, alizaliwa Keelung. Alijifunza kazi kwenye karakana ya meli, na mwaka 1980 akafungua kiduka chini ya ngazi za jengo namba tatu, kiduka ambacho ukiingia lazima utoke kinyumenyume. Kwetu fundi umeme ndiye huyohuyo fundi bomba, na kwa mvua ya mji huu kazi hizo mbili hukutana ndani ya ukuta mmoja. Alikuwa akibandika kiganja ukutani kama daktari anayepima homa, halafu anatikisa kichwa, na mimi najua leo tutakula chakula cha mchana saa kumi.

Alipoanza, nyumba zetu zilikuwa na nyaya mbili na matumaini. Yeye ndiye aliyeingiza waya wa ardhini katika majengo sita, mmoja baada ya mwingine. Ndiye aliyeweka vile vikata umeme vya bafuni ambavyo mlivilaani kwa sababu vinazima katikati ya kuoga, na ambavyo ndivyo vilivyowaacha hai mkaendelea kulaani. Vilipokuja viyoyozi, kila nyumba ilining'iniza chake kwenye waya uliovutwa kwa ajili ya redio, naye akapita nyumba hadi nyumba akivuta waya mpya, akiwabembeleza watu wazima kama watoto wasiotaka dawa. Katika miaka arobaini na minne hakuna mtu wa kichochoro hiki aliyeuawa na umeme. Aliyeuawa ni kambale mmoja wa Mzee Tai wa duka la supu, na huyo alikuwa na miadi na sufuria jioni ileile.

Sasa niseme kilichomchosha, maana umeme haukumchosha. Kilichomchosha ni maneno mawili: "maadamu umekuja."

Mfano ni Bibi Kan, ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti. Ana miaka themanini na miwili na kumbukumbu ya karani. Anapiga simu: balbu ya jikoni imekufa. Tunapanda. Mlango unafunguliwa.

"Umekula, A-tu?"

"Nimekula, dada."

"Vizuri. Maadamu umekuja, niangalizie na feni. Inakoroma kama marehemu mume wangu. Na swichi ya choo ukiigusa inanung'unika. Na bomba la kufulia, hebu lisikilize tu."

"Lisikilize tu" maana yake fungua, badilisha, funga, deki sakafu. Siku moja nilihesabu: balbu moja ilizaa kazi kumi na moja. Tulipoteremka nilikaa chini kila ghorofa, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Nikamwambia, "Fundi, sema hapana mara moja tu, nione linavyotamkwa." Akasema, "Ni kidogo tu, Chin-fa." Hilo "kidogo tu" ndilo lililomla bega.

Lakini angesemaje hapana? Hapa ukikataa swichi ya jirani leo, kesho mmekaa naye benchi moja hekaluni, anakuuliza hali ya mkeo kwa sauti ya upole ya kukuua. Kwa hiyo alisema ndiyo, akapanda, na mkono wa kulia ukakaa juu ya kichwa chake kwa miaka arobaini na minne kama mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kwenda chooni na mwalimu hamwoni.

Mara ya kwanza alistaafu miaka mitano iliyopita, tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na mbili wa kizamani. Nilimwambia huo ni upumbavu. Siku kumi kabla ya mwaka mpya, kila nyumba inasafishwa, kila mtu anahamisha kabati na kukuta nyuma yake soketi iliyokufa tangu harusi yake. Mkesha wa mwaka mpya mkewe, Mama A-luan, alikula na kiti kitupu mpaka samaki akapoa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa tano, mvua ndefu za msimu wa plamu zikinyesha.  Kwa ufupi zile mvua zisizokwisha. Maji yakaingia kwenye sanduku kuu la jengo namba tisa, jengo zima likawa giza. Mnakumbuka kuna yule aliyekuwa ameweka juu ya swichi kuu kile kipakiti cha vitafunio ambacho jina lake maana yake ni utiifu, ili mitambo iwe na adabu, lakini akaweka cha njano, rangi ya kusimamisha, badala ya kijani, rangi ya kwenda. Wakazi walisimama ngazini dakika arobaini wakifanya kesi ya kipakiti: nani alinunua, nani aliona, tarehe imepita au haijapita. Maji yalikuwa yanadondoka palepale mbele ya macho yao. Fundi Chien, mstaafu wa siku moja, alikuja na malapa, akawapita katikati, akafungua sanduku. Kazi ile ilichukua siku sita, na baada yake mkono haukurudi ulivyokuwa.

Aprili mwaka huu daktari alimwonyesha picha ya bega. Mshipa umechanika. Akamwambia, "Mzee, ukiinua mkono huu juu ya kichwa tena mwaka huu, utabaki nao wa kutundikia koti." Fundi alicheka. Mama A-luan hakucheka, kwa sababu ndiye anayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi.

Ndipo yeye na mkewe wakachagua mwezi wa saba, na kwa hilo nawavulia kofia. Mwezi wa mizimu, milango yao imefunguliwa, wametapakaa mjini wakitafuta chakula, na hakuna mtu mwenye akili anayetoboa ukuta asije akamgusa asiyemjua. Hakuna ukarabati, hakuna kuhama, hakuna jiko jipya. Ni mwezi pekee ambao simu ya fundi hupoa. Walihesabu kwamba siku thelathini zikipita bila yeye, mtaa utajifunza.

Siku ya tano simu iliita. Mama A-luan akaipokea, na aliyepiga akakata bila kusema neno. Dakika moja baadaye simu ikaita kwangu.

"Chin-fa. Hata wewe?"

"Shemeji, ni taa ya bafuni tu..."

"Hata wewe!"

Nimeliandika hili ili msije mkasema mwandishi anawasema wenzake. Nilioga gizani wiki mbili, na ilinistahili.

Siku ya kumi alikuja Bwana Lan, msimamizi wa hekalu. Huyu ndiye niliyemwogopa. Sadaka kuu ya mizimu ilikuwa siku tano mbele, na taa mia mbili za uani huwa anazifunga Fundi Chien. Bwana Lan alisimama mlangoni, mwavuli unachuruzika, mikono ameikunja kifuani.

"Ba'mkubwa, sikuji kwa kazi. Mimi kwa kazi nisingekuja. Ni kwa ajili ya wale wasio na watu wa kuwakumbuka. Watapitaje gizani?"

Mtaa mnaweza kuukataa, lakini wafu? Nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai yao, nikaona kwa macho yangu mkono wa kushoto wa Fundi ukienda kwenye mkanda wa vifaa uliotundikwa ukutani. Taratibu, kama mtu anayejikuna. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kama rafu iliyong'oka msumari.

Mama A-luan alitoka jikoni na mwiko.

"Lan, mizimu inaona gizani. Huyu wangu hawezi kujifunga shati."

 Bwana Lan akatazama viatu vyake. Fundi akatazama mkanda, akauacha ukutani, akaketi. Nimemjua mtu huyu miaka thelathini na mmoja na sijawahi kumwona akiketi kwa shida namna ile. Kisha akasema namba ya simu ya Fundi Yao Mei-huang wa upande wa pili wa kilima. Aliijua kwa kichwa. Inaonekana aliijua siku nyingi.

Fundi Yao ana leseni, ana miaka arobaini na sita, na ana daftari. Alifunga taa zote mia mbili kwa siku mbili, na wenye kutafuta kasoro tulitafuta tukachoka. Alipomaliza, Bibi Kan alikuwa ameshateremka ghorofa tano kumngoja langoni.

"Mwanangu, umekula? Maadamu umekuja..."

"Nimekula, bibi. Iandike hapa, na nambari ya nyumba. Nitakuja Jumanne kwa hiyo. Yasiyoandikwa sitayaona."

Bibi Kan akabaki na kalamu mkononi. Nilikimbia kumsimulia Fundi, nikidhani atakasirika kwa niaba ya mtaa. Alisugua bega. Halafu akasema, "Miaka arobaini na minne, Chin-fa. Sikujua kwamba inaruhusiwa."

Namba ya Fundi Yao imebandikwa ubao wa hekalu. Simu ya Fundi Chien imekatwa tangu Jumatatu. Kiduka cha chini ya ngazi kimefungwa, kwa hiyo msigonge. Humo ndani kuna mende tu, na wao pia wamechoka.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mvua ilipumzika kidogo. Fundi alikuwa kwenye kiti cha mwanzi nje ya mlango wake, mdomo wazi, amelala. Bibi Kan akaja na feni yake kwapani, ameishusha mwenyewe ngazi zote zile. Akafika mbele yake. Akasimama. Nilikuwa dirishani, nimeshafungua kinywa kumkemea. Akamtazama sana, akanyanyua waya uliokuwa unaburuta ili plagi isigonge mawe, akageuka asimwamshe, akarudi kwake kwa kichochoro cha nyuma, ambacho kina ngazi mara mbili zaidi.

Fundi Chien, asante kwa kila balbu na kwa zile kazi kumi zilizokuja nyuma yake. Asante kwa kutuacha hai. Tunakutakia wewe na Mama A-luan mchana mrefu, samaki wa moto mezani, na usingizi usiogongewa mlango.