Daktari Kwanini na Mabinti Walioacha Tiba

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mkunga, na kwa jinsi alivyokuwa akihoji kila jambo, baba akimpa peremende anyamaze, yeye anaimaliza na kuuliza tena, tukamwita Kwanini, jina ambalo hata udaktari haukumvua. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana, akahitimu udaktari mwaka 1994 na ubingwa wa magonjwa ya akili mwaka 2002, mwaka huohuo akaajiriwa katika kituo cha kuwatibu vijana walioshindwa na pombe, ambako alifanya kazi mpaka alipougua.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1998 na binti mwaka 2001. Wapo wakubwa wetu walioshauri, kwa nia njema, nisome kwamba binti yuko masomoni ng'ambo, lakini marehemu mwenyewe alikataa akiwa kitandani, akasema uongo huo usisomwe juu ya jeneza lake, basi mnisamehe, nasoma alivyotaka.

Mwaka 2009 alikamilisha utafiti uliompa sifa, ulioonyesha kwamba tiba ya mazungumzo ya kikundi inawasaidia vijana kuacha pombe, vituo vingine vikaiga, naye akapewa ngao ambayo mpaka leo iko sebuleni. Mabinti katika utafiti ule walikuwa wachache, wengi wakaishia njiani, wakaandikwa kuwa wamekataa tiba, hesabu ikafungwa bila wao. Kwa mara moja katika maisha yake, Kwanini hakuuliza kwa nini.

Mwaka 2018 ikagundulika kuwa binti yake anakunywa, chumbani, mlango umefungwa, pombe ikiwa ndani ya chupa yake ya maji ya shule, na mama aliyewatambua watoto wa wenzake kwa ugomvi na kulala barabarani hakumtambua wake, maana huyu hakugombana na mtu, alifaulu mitihani na alinukia vizuri. Akampeleka kwenye kikundi kilekile, binti akahudhuria wiki chache, akaacha, na alipobanwa alisema kwamba wavulana wakisimulia ulevi wao watu wanacheka, yeye akisimulia wanataka kujua alilewa na nani na aliamkia wapi. Tarehe 3 Juni 2019 aliondoka nyumbani, na jamani, nyumba ile haikurudi kuwa nyumba tena.

Marehemu aliwafuata mabinti wa utafiti wake mlango kwa mlango, wengine wameolewa, wengine wameshazikwa, na waliobaki wakamweleza yaleyale, kwamba hawakuikataa tiba, walikimbia macho ya watu. Akatangaza hadharani kuwa matokeo yake yalikuwa ya wavulana, si ya vijana wote, wakubwa wake wakamwonya kwamba anajichafulia jina, akawajibu kuwa lilishachafuka, sasa analifua. Kisha akaanzisha kikundi cha mabinti peke yao, kwanza akakiweka katika chumba cha wodi ya wazazi, mtaa mzima ukaanza kuwahesabia mabinti wale mimba, akacheka mpaka machozi, akakihamishia juu ya darasa la ushonaji, ambako hakuna anayemshangaa binti akiingia. Wengi wamepona pale, wa kwake hakutokea.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, akafariki tarehe 21 Agosti saa kumi na moja jioni, mkono mmoja umeshikwa na mumewe, mwingine umeshika simu aliyotukataza kuizima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutufutia machozi, na wafanyakazi wenzake, ambao naomba wasimame tuwaone, ahsanteni, kaeni. Mabinti wa kikundi chake nao wamo humu ndani, hao hatutawasimamisha, na ninyi wengine tunawaomba, kwa heshima ya marehemu, msigeuke kuwatafuta.

Na wewe mwanetu, tumeambiwa jana ulionekana mjini, kama umekuja kaa hapohapo ulipo, na ukija nyumbani jioni hutaulizwa ulikuwa wapi wala na nani, mimi mjomba wako ndiye nitakayekaa mlangoni, na mwenye maswali aanze na mimi.

Kwanini, dada yangu, umechoka, pumzika sasa kwa amani, kumngoja ni zamu yetu.