Jani la Mgeni wa Puthanchira

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu. Viongozi mlioongozana naye kwenye boti. Majirani mliobaki: sisi wakazi wa kisiwa cha Puthanchira tunawasalimu katika sikukuu hii ya Onam.

KUKUKARIBISHA

Karibu kwa mara ya pili. Mwaka jana tulikupokea uwanjani, penye zulia la maua lenye miduara kumi. Leo tumekupokea kwenye baraza ya shule, na zulia lina mduara mmoja tu, kwa kuwa uwanja uko chini ya maji na maua yetu yalikuwa yakiota hukohuko. Tusamehe. Hata Mfalme Mahabali, akitoka chini ya ardhi leo kuja kuwatazama watu wake, kama afanyavyo kila Onam, itambidi aibukie majini.

TULIKOTOKA

Kisiwa hiki hakikuwapo. Babu zetu walipiga mbizi ziwani, wakatoa tope kwa mikono, wakalishindilia kati ya nguzo za minazi mpaka tuta likasimama na mpunga ukaota chini ya usawa wa maji. Mmoja wao alikuwa Chathan, mume wa Bibi Kunjipennu, huyu aliyeketi mbele yako mwenye kitambaa cheupe begani. Chathan alitoka ziwani na kifua kibovu, na kifua hicho ndicho kilichomzika. Bibi alipanda mpunga hapa miaka hamsini, na hakuna hata kipande cha shamba kilichokuwa chake. Alichojivunia ni tuta.

TULIYOYAFANYA

Ni machache. Tumeziba tuta kwa magunia ya mchanga mara sita. Kila Onam tumelisha wageni, na hakuna aliyeondoka na njaa.

LINALOTUUMIZA

Mwaka jana, Mheshimiwa, ulituahidi tuta la mawe kabla ya mvua. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Ukaketi nasi, ukala wali na achari, ukaongeza payasam, uji wetu mtamu wa maziwa, mara mbili, tukafurahi. Kisha simu ikalia. Ukainuka, na jani la mgomba ulilolia chakula ukalikunja kwa kulisukuma mbali nawe, jinsi tunavyolikunja sisi kwenye chakula cha matanga. Siku ya sikukuu jani huvutwa kuelekea kwako, ili mwenyeji ajue umeshiba na utarudi.

Bibi Kunjipennu aliliona. Akamnong'oneza Sreelatha, katibu wetu, ambaye ndiye anayekusomea risala hii:

"We Sreelatha, umeliona jani la mgeni? Kalikunja kama katoka kuzika."

"Nyamaza, bibi. Mtu mkubwa ana haraka zake."

"Haya. Mtaniambia mvua zikija."

Akaliendea jani lile, akalikunjua, akalikunja upya inavyopaswa kabla ya kulitupa. Tulimcheka. Tulisema uzee umemwingia. Yeye alikuwa akihesabu miezi.

Mwezi wa Karkidakam, mvua zilipokaza, hakukuwa na jiwe hata moja. Tuta lilipasuka asubuhi watu wakinywa chai. Tulikuwa nyumba ishirini na mbili. Kumi na tatu zilikwenda, ya Bibi ikiwa ya kwanza. Tulimtoa akiwa ameikumbatia taa yake ya shaba, na tangu siku hiyo analala darasa la pili, kwenye madawati mawili yaliyounganishwa. Hatusemi jani ndilo lililoleta maji. Tunajua maji hupita pasipo na mawe. Lakini tuna huzuni, Mheshimiwa, na tunaona aibu kwamba tulimcheka.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba. Bibi akaagiza tufute sita. "Mkimpa saba," alisema, "atawatimizia lile jepesi, apigwe picha, aende zake." Kwa hiyo limebaki moja: tuta la mawe kabla ya Karkidakam ijayo. Lisipojengwa, mwakani hapatakuwa na mtu wa kukusomea risala.

Chakula ki tayari. Bibi ameomba akuandalie yeye, na jani lako atalitandika kwa mkono wake. Hatakuuliza lolote kuhusu mawe. Atasimama tu mbele yako mpaka umalize kula, akitazama mikono yako.

Mlango wako usijue maji, na watoto wako wazeekee walikozaliwa.

Ni sisi,
Wakazi wa Puthanchira, nyumba tisa.