Maisha ya Mama Gia, Aliyewapima Wateja Wake Mlimani

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na nimepewa kazi hii kwa sababu shemeji yangu, mume wa marehemu, sauti imemkauka, na watoto wamesema watalia kabla ya kufika pale alipoanza darasa la kwanza, kwa hiyo nivumilieni nikikwama, maana dada mwenyewe alizoea kusema kwamba mimi nasoma kama gari linalotaka kuondoka na gia ya tatu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Gia mpaka mkasahau kwamba ana jina jingine, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na mama alituhadithia kwamba aliutambua mlio wa lori la baba kati ya malori mengine kabla hajajua kusema vizuri, jambo ambalo mimi naliamini nusu, maana mama naye alikuwa hodari wa kutia chumvi.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha biashara na kutunukiwa stashahada ya mauzo tarehe 30 Novemba 1979, na kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini cherehani ya mama hakuiweza ng'o, na likizo zake zote alizimalizia ndani ya lori la baba, ambako alifundishwa kukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, kubadili gia, na kuachia polepole mpaka injini na magurudumu vielewane.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika shorumu ya magari ya spoti, ile yenye vioo kuanzia chini hadi juu na sakafu nyeupe ambayo ukiingia na viatu vya vumbi unaona aibu, na mwaka 1984 akahamishiwa mauzo, na huko akaanzisha utaratibu uliompa jina na kumkosesha mwajiri wake usingizi. Mteja akitaka gari la gia za mkono, dada hakumpeleka kwenye barabara pana ya mbele, alimpeleka nyuma ya shorumu, kwenye mlima mfupi mkali, akamsimamisha katikati, akamwambia aondoke bila gari kurudi nyuma, na likirudi nyuma, uwe mkurugenzi, uwe nani, hakuuzii, atakuambia kwa heshima zote uchukue la otomatiki, au uje tena ukishajifunza.

Msidhani aliwadanganya wateja, aliwaeleza wazi kwamba otomatiki za siku hizi hubadili gia upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote, na kwenye foleni hazimchoshi mtu goti, na kwamba anayetaka gia za mkono hanunui kasi, ananunua kazi ya kufanya akiwa njiani. Walikuja vijana waliotaka gia za mkono ili marafiki wawaone, akawajua kabla hawajafunga mkanda, akaja mwalimu mstaafu ambaye wanawe walimwambia amezeeka na achukue otomatiki, mzee akaupanda ule mlima bila hata kutikisika, dada akamuuzia la gia za mkono, na wanawe wakaja kugomba mpaka meneja akajifungia ofisini, na akaja daktari wa meno, yuko pale nyuma, daktari usifiche uso, aliyerudi nyuma hadi akaliangusha pipa la taka, akaambiwa achukue otomatiki, akachukua, na tangu siku hiyo akawa rafiki wa nyumba yetu.

Ila dada alikuwa na mdomo, hilo siwezi kulificha hata leo amelala hapa mbele yangu. Wateja aliwasitiri, lakini nyumbani sebuleni alisema mara nyingi, na mimi mwenye otomatiki nikiwa nimekaa pale pale, kwamba gari la spoti lisilo na klachi ni kiti cha kinyozi kilichofungwa magurudumu, na kwamba siku tutakayomwona ameketi humo tujue kichwa kimeharibika.

Kuhusu ndoa, shemeji, ambaye ni mhasibu, alikuja kununua gari jekundu la viti viwili, likamzimikia mlimani, akarudi Jumamosi iliyofuata, likamzimikia, akarudi tena na tena, mpaka walinzi wakawa wanamtolea kiti cha kupumzikia, na siku alipofaulu hakulitaka tena gari, alimtaka muuzaji, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1989, ambaye ni mhandisi wa maji, na kijana aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1992, ambaye ni muuguzi, na mwaka 2003 dada akajinunulia gari lake mwenyewe la spoti, rangi ya fedha, gia sita za mkono, ambalo alilifuta kwa kitambaa laini kuliko kile alichofutia watoto pua.

Alistaafu tarehe 31 Agosti 2016, wakati viwanda vimeanza kuacha kutengeneza magari ya gia za mkono na wanunuzi nao hawayaulizi sana, na wenzake wa kazini watakumbuka alivyopigania angalau moja libaki pale kwenye kona ya shorumu, hata kama litauzwa kwa kuchelewa.

Novemba ya mwaka huo huo goti lake la kushoto lilianza kuvimba, madaktari wakagundua saratani ya mfupa, na tarehe 9 Februari 2017 mguu ulikatwa juu ya goti ili kuokoa maisha yake. Ndugu zangu, mguu wa kushoto ndio wa klachi. Alirudi nyumbani akasema neno moja tu, kwamba yeye hatabebwa, na bado maskini akawa anabebwa, kliniki kwa teksi, sokoni kwa gari la binti, ameketi kiti cha nyuma na magongo mapajani, hatazami hata barabara.

Na hapo tulifanya kosa ambalo ni familia hii tu ingeweza kulifanya, tukalifanya kwa heshima kabisa. Shemeji alilifunika lile gari kwa turubai, akatoa amri kwamba neno otomatiki lisitamkwe ndani ya nyumba, magazeti ya magari yakafichwa, na tangazo la gari likitokea kwenye televisheni mmoja wetu alikohoa na mwingine akabadili chaneli, kwa kuwa wote tuliogopa kumkumbusha aliyoyasema. Kumbe mwenzetu alikuwa amekaa pale dirishani anangoja mtu mmoja amwambie ajaribu, maana yeye mwenyewe, baada ya maneno yote yale, angeanzia wapi kukiomba kiti cha kinyozi? Alikonda, akaacha kubishana nasi, na mnaomjua dada mnajua kwamba dada asiyebisha alikuwa mgonjwa kweli.

Tarehe 20 Mei 2018 daktari wa meno alikuja kumjulia hali, hana habari na amri ya shemeji, na akiwa na kikombe mkononi akamuuliza mbele yetu sote kwa nini haendeshi, kwani mguu wa kulia si upo, na otomatiki klachi ya nini. Lo, shemeji alimkanyaga daktari chini ya meza, na dada akamnyooshea daktari mkono kuomba ufunguo wa ile otomatiki yake. Alikwenda peke yake, akakawia mpaka shemeji akatoka kumtafuta kwa miguu, akarudi ameshusha vioo vyote, nywele timtim, akatangaza kwamba gari lile lina akili kuliko mume wake, kisha akatugeukia, akatuuliza kama kweli tulikuwa tunayaogopa maneno yake kuliko tulivyompenda yeye. Alilia, tukalia naye, na daktari wa watu akabaki ameshika kikombe hajui amekosa nini.

Mwezi Julai aliliuza gari la fedha, akanunua otomatiki ya aina ile ile, na kwa miaka mitano akajiendesha mwenyewe, akiwapitia na wagonjwa wenzake kuwapeleka kliniki, na alisema kwamba maneno yake ameyameza yote na hayakuwa machungu kama alivyodhani, ingawa otomatiki yangu mimi aliendelea kuicheka.

Mwaka huu wa 2023 saratani iliingia mapafuni, na asubuhi ya tarehe 3 Oktoba pumzi ilipopungua, binti alitaka kumpeleka hospitali, akakataa, akaendesha mwenyewe, shemeji kando yake ameshikilia mlango kwa mikono miwili, akaliegesha gari sawasawa katikati ya mistari, akaingia kwa magongo yake, na tarehe 6 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na mitano.

Jana tulikwenda kulichukua gari pale hospitali, na shemeji, ambaye hajawahi kuendesha otomatiki kwa kumtii mwalimu wake wa mlimani, alikanyaga klachi isiyokuwepo, mguu wa kushoto ukaangukia breki, gari likashtuka, akauinamia usukani akalia kama mtoto. Nilitaka kumpokea usukani, akakataa, akaukunja ule mguu chini ya kiti, akalirudisha nyumbani mwenyewe, polepole.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliolala nasi siku hizi zote, wafanyakazi wenzake wa shorumu walioifunga milango leo ili waje, na wewe daktari wa meno, kwa lile swali ambalo sisi wa ndani tulishindwa kuliuliza.

Dada, ulikataa kubebwa, na hata hospitali ulijipeleka. Leo tuvumilie, usitugombeze, tutakubeba mara hii moja tu. Pumzika kwa amani.