Mkono Wangu na Kizuizi cha Ipogolo

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mganga, wazee wa Ipogolo, akina mama wa Ilula mlioacha nyanya zenu barabarani kuja kutusikiliza, na wewe Bwana Afya Filemoni, tunayekuaga leo baada ya miaka ishirini na sita ya kututoboa kwa sindano: nawasalimuni nyote.

Naitwa Masunga, mfugaji wa Usangu. Sijui nani alishauri nipewe nafasi hii, maana kati ya watu wote waliopita mikononi mwa Bwana Filemoni, mimi ndiye niliyemtukana zaidi. Labda wali ulikuwa haujaiva, wakatafuta wa kujaza muda.

Mnakumbuka mwaka jana kipindupindu kilipoingia, ikatoka amri kwamba asiye na kadi ya chanjo hasafiri. Nilikuwa natoka Mbeya kwa basi, naenda hospitali ya mjini Iringa kumwona baba yangu, mzee Nkuba, aliyekuwa mahututi. Hapa kwenye kizuizi cha barabara nikaambiwa nikunje mkono wa shati nichanjwe. Nikakataa. Ng'ombe wangu mia moja na arobaini walikuwa wamechanjwa wote, niliwaswaga mwenyewe siku tatu, na hakuna hata mmoja niliyemwomba ruhusa. Lakini je, mimi ni ng'ombe? Nilimwuliza Bwana Filemoni swali hilo mbele ya basi zima. Akanitazama, akasema ng'ombe huwa hawapigi kelele namna hii.

Mgambo wawili wakanikamata ili nichomwe kwa nguvu. Bwana Filemoni akawaambia waniachie.

"Mkono ni wake," alisema. "Barabara ni ya wote. Kama hataki, akae hapa."

Nikakaa. Siku mbili, ndugu zangu, nikiyaona mabati ya Iringa pale juu mlimani! Kupita porini ningeweza, lakini mwenye ng'ombe mia moja na arobaini atanyataje kama mwizi wa kuku? Bwana Filemoni aliniletea uji asubuhi na jioni, na kila mara tuligombana, mimi nikitetea mwili wangu, yeye akiulizia choo changu. Habari za baba sikumwambia. Niliona ni kuomba huruma, na mimi nilikuwa nadai haki.

Siku ya tatu asubuhi nilikunja mkono wa shati mwenyewe, nikachomwa sindano. Siafu wa kwetu wanauma zaidi. Nikapewa kadi, nikapanda mlima.

Baba alikuwa amekufa alfajiri ile. Mke wangu Regina, aliyekuwa akimuuguza, aliniambia kwamba usiku mzee alimwuliza, "Masunga yuko wapi?" Regina alikuwa ameshapata habari kwa abiria wenzangu, akamjibu, "Yuko Ipogolo, anabishana." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Hakuuliza tena.

Bwana Filemoni, najua leo ndio kwanza unalisikia hili. Usiinamishe kichwa, watu watadhani hotuba imekuchosha. Mwaka mzima nimejiuliza nani alinichelewesha, amri yako au ubishi wangu, na sijapata jibu linaloniacha nilale. Ungewaacha wale mgambo wanishike, ningemwona baba, na wewe ningekuchukia mpaka naingia kaburini. Ukaniheshimu. Sasa sina wa kumchukia, na hilo, mzee mwenzangu, bado sijakusamehe.

Nenda kapumzike salama. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia hadi mwisho.