Rangi ya Kiboko

Ndani ya basi la kutoka Migori, Fanuel alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale Jedidah, mama kutoka Sori kando ya ziwa, alikuwa akimalizia kufuma kiboko mdogo wa kroshia, wa kijivu, mwenye kofia.

"Huyu si ni yule wa katuni!" akasema Mulki, mwenye duka la vitambaa Homa Bay, aliyeketi kando yake. "Lakini mama, umekosea rangi. Kwa TV yangu ni pinki."

"Pinki? Yawa! Viboko wanatumalizia mahindi kila msimu, leo ndio nifunzwe rangi yao? Hiyo katuni niliiona na mtoto wangu kwa TV ya kinyozi, ile ya betri."

"Hizo za betri hazionyeshi rangi, mama."

Fanuel, ambaye hakuwa na TV ya aina yoyote, alikubaliana na wote wawili.

"Basi hata mtoto alimwona hivi hivi," Jedidah akasema. "Wiki ya tatu yuko wodini, na jana ndio ameitisha uji mara ya kwanza. Leo nimpelekee kiboko asiyemjua?"

Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Jedidah akashuka.

Mulki akatoa kichwa dirishani. "Akitoka, mlete kwangu aone rangi yenyewe!"

"Nitamleta," Jedidah akajibu bila kugeuka, "akwambie TV yako imeharibika."