Bi Sindano na Dozi ya Pili

Ndugu waombolezaji, mimi kitinda mimba wake nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Sindano, na utotoni mlimkimbia kwa jina hilohilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, binti wa fundi viatu, akasoma hadi chuo cha uuguzi, na mwaka 1977 akaajiriwa kliniki ya watoto ya mtaa huu, yenye mzani wa kuning'iniza na jokofu moja la chanjo, lililoharibika mara kwa mara hadi mwaka 1979 akaolewa na fundi wake, na baba mpaka leo hajakiri kama lilikuwa linaharibika kweli.

Walijaliwa watoto watatu. Kaka yetu mkubwa alichanjwa surua akiwa na miezi tisa, kwa mkono wa mama mwenyewe, dozi moja basi, kama ratiba ya siku hizo ilivyoagiza, na mwaka 1984 surua ikamuua. Mama hakuacha kazi. Zikaja chanjo za homa ya ini, kichomi na kuhara, kila ratiba mpya ikabandikwa juu ya ile ya zamani, na siku ilipoongezwa dozi ya pili ya surua, mama alilia, akasema imekuja, lakini kwangu imechelewa.

Alistaafu mwaka 2016, na mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Surua ilipozuka mtaani mwezi uliopita, akiwa amelazwa hospitali, hakuuliza habari za dawa zake, aliuliza habari za mjukuu wa mama mdogo, ambaye hakuwa amepata dozi ya pili. Mama mdogo alishikilia kwamba ratiba isiyotulia haiaminiki, kama ya kwanza inafaa, ya pili ya nini, mama akamjibu kwamba ya kwanza alimpa mwanawe, wakarushiana maneno mbele ya wodi nzima, na mama mdogo akaondoka bila kuaga. Hawakuonana tena. Mama alifariki tarehe 3 Juni.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wauguzi wenzake, ambao wengine hawapo hapa, maana leo ni siku ya chanjo, na mama asingewasamehe kufunga kliniki. Mmeuliza mbona tumechelewa kuanza. Tulikuwa tunamsubiri mama mdogo, aliyetoka asubuhi na mjukuu mgongoni bila kusema neno, tukadhani amesusia mazishi ya dada yake, kumbe alikuwa kwenye foleni ya kliniki. Mtoto mnayemsikia hapo mbele halilii msiba, mkono unamuuma.

Mama, safari hii haikuchelewa. Pumzika kwa amani.